Kabla Hujamwonyesha Fundi Ile Picha

Ukitaka kujua wanachuo wa siku hizi wanatamani nini, usiwaulize. Subiri usiku wa manane bando la bei chee lianze, halafu pita kwenye korido ya bweni usikilize simu za watu. Zamani zilikuwa mechi na tamthilia za Kikorea. Sasa zimeingia ziara za nyumba. Mtu anafungua mlango wa fleti yake Copenhagen, Paris au Milan, anakupitisha sebuleni, jikoni, hadi bafuni. Muziki laini, kuta nyeupe, kiti kimoja kimewekwa peke yake dirishani kama kimepewa adhabu, mmea kwenye kona. Kwa nusu saa umetembelea nyumba tatu za Ulaya bila viza wala nauli. Mimi mwenyewe nazipenda na nitaendelea kuziangalia, kwa hiyo msomaji usidhani nimekuja kukuzomea.

Ninachotaka kueleza ni kinachotokea baadaye, pale mtu anapopiga picha ya skrini na kuihifadhi. Ile picha ina safari ndefu. Inakaa kwenye simu miaka miwili, mitatu, mwenye simu anapata kazi, ananunua kiwanja, halafu siku moja anamwonyesha fundi na kusema, "Nataka kama hii."

Kwetu Itumba, makao makuu ya wilaya ya Ileje, mambo haya tunayaona kwa macho. Tangu barabara ya Mpemba hadi Isongole iwekwe lami, watu wamechangamkia viwanja na maboma yameota pande zote. Moja ni la kaka yangu, dereva wa lori anayeshinda kwenye foleni ya Tunduma. Boma lake limefika usawa wa lenta. Kwenye simu yake ana picha tatu: paa la kuficha bati, dirisha linaloanzia sakafuni hadi darini, na jiko lililo wazi linaloungana na sebule. Likizo iliyopita aliniita akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wa familia. Niambie hapa ipi ni ipi kabla sijamwaga hela." Hela anayoisema ni akiba ya miaka sita barabarani.

Mimi nasomea ualimu, Jiografia na Kiswahili, mwaka wa tatu. Ujenzi sijasomea. Ila Jiografia imetuzoesha kuuliza kwa nini kijiji kimekaa hapa na si pale, na swali hilo hilo unaweza kuiuliza nyumba. Nilichogundua likizo ile ni kwamba karibu kila kitu kinachotuvutia kwenye zile nyumba kilianza kama jibu la shida fulani ya pale kilipo: baridi, giza, kodi ya nyumba, kukosa msichana wa kazi. Kamera inatuonyesha jibu. Shida yenyewe haionekani kwenye picha.

Tuanze na mwanga, maana ndio unaoeleza nusu ya tunayoyaona. Copenhagen iko karibu nyuzi 56 kaskazini mwa ikweta. Mwezi Desemba mchana wa kule una saa saba hivi, na jua la saa sita mchana linasimama nyuzi 11 tu juu ya upeo wa macho. Linatambaa juu ya mapaa kidogo halafu linazama. Ukipanda hadi Helsinki mchana unabaki saa sita au pungufu. Watu wanakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Mtu wa namna hiyo, mwanga kwake ni kama maji ya mvua kwa mtu wa Dodoma, anakinga kila tone. Anapaka kuta nyeupe ili mwanga mdogo unaoingia udunde huku na huku. Anaweka dirisha kubwa. Pazia zito hataki. Sakafu ni ya mbao za rangi hafifu, na kona zina taa ndogo ndogo nne tano. Ukijumlisha hayo unapata ule mtindo wa Skandinavia ambao watu wanaulipia kama vile ni ladha tu ya mtu.

Itumba iko kama nyuzi 9 kusini. Mchana wetu hauachani sana na saa 12 mwaka mzima. Hata Juni, jua la saa sita mchana linakuwa nyuzi 57 juu. Mwanga tunao wa kumwaga. Tunachokosa ni joto kwenye usiku wa Juni na Julai, baridi ya milima ya Bundali inaposhuka na wazee wanalala na makoti, na kivuli kwenye mchana wa Oktoba. Sasa chukua lile dirisha la sakafuni hadi darini ulipachike pale. Kioo kimoja chembamba kinapitisha joto haraka kuliko ukuta wa tofali za kuchoma. Oktoba kitaingiza jua lote ndani, Juni usiku kitatoa joto lote nje. Kwenye zile nyumba za Copenhagen kioo kina tabaka mbili au tatu zenye nafasi katikati, na mara nyingi chini ya dirisha kuna mabomba ya kupasha joto ambayo mwenye nyumba analipia kila mwezi. Kaka hana mabomba hayo. Ana blanketi.

Kuna jambo jingine ambalo nilipolielewa nilicheka peke yangu. Kwenye video nyingi mwenyeji anajisifu kwamba sebule yake inatazama kusini. Kwao ni kweli ni sifa, kwa sababu jua la kule saa sita mchana liko kusini siku zote. Kwetu mambo yamegeuka. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la saa sita mchana liko kaskazini mwa Itumba. Chumba unachotaka kipate joto msimu wa baridi dirisha lake litazame kaskazini, na upenu wa paa uzuie jua linapokuwa juu kabisa. Upande wa kuogopa ni magharibi, maana jua la alasiri linakuja chini chini na upenu hausaidii kitu. Ramani ya kaka ilikuwa imeweka dirisha kubwa magharibi. Nilimuuliza kwa nini. "Ndiko barabara iliko," alisema. Yaani watu wapite walione.

Kwa wale ambao bado mko kwenye mageto na mna dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, iko nyumba ya Ulaya inayowahusu moja kwa moja. Ni nyumba ya John Soane, msanifu majengo wa London aliyefariki mwaka 1837, na hadi leo ni makumbusho. Nyumba za London za wakati huo zilibanana, nyembamba, zimeshikana ubavu kwa ubavu, mwanga unaingia mbele na nyuma tu. Soane alitumia vioo vya kujitazamia, vikubwa na vidogo, vingine vya mbinuko, akavipachika darini, pembeni mwa milango na nyuma ya rafu, ili mwanga wa dirisha moja ufanye kazi mara mbili tatu. Madirisha mengine ya juu aliyawekea kioo cha njano ili mwanga wa mawingu ya London ufanane na wa Italia. Hii inafaa geto kuliko zile taa za utepe za rangi ya zambarau mnazonunua boom likiingia. Kioo kimoja cha kujitazamia, kikiwekwa ukuta wa pembeni mwa dirisha badala ya nyuma ya mlango, utaona tofauti asubuhi hiyo hiyo. Na ile karatasi ya kubandika ukutani yenye picha ya matofali ya Ulaya, kabla hujaibandika gusa ukuta kwanza. Vyumba vingi vya kupanga vinapandisha unyevu kutoka kwenye msingi, na masika ikifika karatasi inajikunja yenyewe kama chapati.

Nyumba ya Mzungu niliyowahi kuingia kwa miguu yangu ni moja tu, na haiko mbali na kwetu. Ukivuka mpaka Isongole ukaenda Chitipa, ukashuka Karonga na kufuata ziwa hadi Chitimba, utakuta barabara ya kona kona inayopanda mlima hadi Livingstonia, Malawi. (Ziwa lenyewe tuliliita Nyasa kwenda na kurudi, wenyeji wetu waliliita Malawi, hakuna aliyegombana.) Juu kule iko Stone House, nyumba ya mawe ya mmisionari wa Kiskoti Robert Laws. Leo ni nyumba ya wageni na makumbusho, unaweza hata kulala. Tulikwenda watu sita, walimu na wanafunzi wa ualimu.

Nilitegemea kuona Uskoti. Nilichokiona ni ukuta mnene wa mawe, na nje yake baraza la kivuli, ziwa liko chini kabisa kama bati jipya. Baraza la namna ile mtu wa Uskoti kwao halihitaji. Kule jua wanalitafuta, hawalikimbii. Hata mahali penyewe pana maelezo. Misheni hiyo ilianzia Cape Maclear mwaka 1875, ikahamia Bandawe mwaka 1881, zote ufukweni mwa ziwa, na kote huko malaria iliwamaliza watu. Ndipo mwaka 1894 wakapanda kwenye uwanda wa Khondowe penye baridi. Kwa hiyo ile mandhari ambayo leo watalii wanaipiga picha ilichaguliwa na watu waliokuwa wanakimbia makaburi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 walikuwa tayari na maji ya bomba na umeme wa nguvu ya maji huko huko mlimani. Mimi nilikaa barazani muda mrefu kuliko ndani. Wenzangu pia. Ndani kulikuwa na picha za zamani na maelezo mazuri, lakini baraza ndilo lililokuwa linatumika.

Sasa twende jikoni, kwa sababu hapa ndipo kaka na mama walipotofautiana.

Lile jiko la kisasa tunaloliona kwenye video, makabati juu na chini, sinki katikati, kila kitu kwenye mstari mmoja, lina mama yake. Ni jiko la Frankfurt la mwaka 1926, lililobuniwa na Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke msanifu majengo kutoka Vienna. Ujerumani ilikuwa imetoka vitani, watu hawana nyumba, na mji wa Frankfurt ulikuwa unajenga nyumba za wafanyakazi kwa maelfu. Nafasi ilikuwa ndogo. Yeye alichukua saa akapima mwanamke anatembea hatua ngapi kupika mlo mmoja, akaenda kuangalia majiko ya mabehewa ya treni yanayolisha watu wengi kwenye upana mdogo, akatengeneza jiko la kama mita 1.9 kwa 3.4. Kila kitu mkono unakifikia: ubao wa kupigia pasi unaokunjwa, kiti cha kuzunguka, vikopo vya alumini vya unga na sukari vyenye majina. Yalifungwa majiko kama 10,000. Na lile jiko, lililozaa haya mengine yote, halikuwa wazi. Lilikuwa chumba chenye mlango wa kusukuma, mama aweze kuona watoto sebuleni na aweze pia kuufunga harufu ikizidi. Jiko la kuungana kabisa na sebule lilikuja kushika kasi baadaye, watu walipokuwa na umeme, gesi na feni za kunyonya moshi.

Mama aliiangalia picha ya kaka akauliza swali moja: "Maharage nitachemshia wapi?" Ukweli ni kwamba swali hilo linamaliza kesi. Maharage makavu yanataka saa mbili, tatu za moto. Hakuna familia ya kawaida Itumba itakayochomea mtungi wa gesi kwenye maharage, utawasha kuni. Kuni zina moshi, moshi una masizi, na kochi jeupe la Milan litakuwa la kahawia kabla ya Krismasi. Ongeza msiba au kipaimara, sufuria za ugali wa watu arobaini, wamama kumi na wawili wanazungumza kwa sauti. Hayo hayafanyiki kwenye kisiwa cha marumaru katikati ya sebule. Jiko la nje halikuwekwa nje kwa ushamba. Limewekwa nje na moshi.

Lakini usiitupe Frankfurt. Kitu cha kuchukua kwa yule mama ni zile hatua. Majiko yetu ya nje mengi yana meko upande mmoja, maji upande wa pili wa uwanja, unga ndani ya nyumba, na mpishi anainama siku nzima. Mimi nilimhesabia mama hatua zake kwa ugali na mboga tu, nikaacha kuhesabu zilipovuka 200. Tukachora upya: banda la jiko lenye meko yaliyoinuliwa hadi kiunoni, dohani la kutoa moshi, kando yake meza ya kukatia, kando ya meza maji. Marumaru haimo.

Kuna mtu mwingine kwenye hadithi hii ambaye nadhani hata wanaosoma usanifu hapa chuoni baadhi hawamjui. Bosi wa ule mradi wa Frankfurt aliitwa Ernst May. Baadaye alikwenda kufanya kazi Urusi ya Kisovieti, na kwa kuwa Ujerumani ilikuwa imeshikwa na Hitler na yeye ana asili ya Kiyahudi, hakuweza kurudi kwao. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akalima karibu na Arusha. Kutoka hapo akahamia Nairobi, akarudia usanifu, na baada ya Vita Kuu ya Pili akachora majengo kadha wa kadha Afrika Mashariki, likiwemo la chama cha ushirika cha KNCU pale Moshi na Oceanic Hotel ya Mombasa. Mtu aliyesimamia jiko la kisasa la Ulaya aliishi hapa miaka karibu ishirini. Na alipokuwa hapa hakuchora Frankfurt. Alianza na jua linatoka wapi na upepo unapita wapi, ndipo akagusa kuta.

Picha ya tatu ya kaka ilikuwa paa. Sijui kwenu, ila kwetu nyumba ya kuficha bati imekuwa ndiyo cheti cha kufanikiwa. Ukuta unapandishwa juu kuzunguka paa, bati linalazwa ndani kwa mwinamo mdogo, ukiwa chini unaona boksi safi lisilo na paa. Umbo hilo lina babu zake Ulaya, na mmoja maarufu ni Villa Savoye, nje kidogo ya Paris, kazi ya Le Corbusier iliyokamilika mwaka 1931. Boksi jeupe juu ya nguzo nyembamba, paa bapa lenye bustani. Wanafunzi wa usanifu kutoka dunia nzima wanakwenda kulitembelea, na mwaka 2016 liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia pamoja na kazi zake nyingine.

Lilikuwa linavuja. Mama mwenye nyumba, Bi. Savoye, alimwandikia msanifu barua baada ya barua: maji ukumbini, maji kwenye njia ya kupandia juu, ukuta wa gereji umelowa. Mwaka 1937 bado walikuwa wanaandikiana. Vita vilipokuja familia ikaondoka, na nyumba ambayo wengine wanaiona kilele cha usanifu wa karne ya 20 iliishi na wenyewe miaka isiyofika kumi.

Sisemi kila paa la kuficha linavuja. Lipo lililojengwa vizuri, na wenye nalo wamelala wakavu. Lakini eleweni linavyofanya kazi. Paa la kawaida lenye mgongo na mapenu linamwaga maji nje ya ukuta, likikosea maji yanaanguka chini. Paa la kuficha linayakusanya maji ndani ya kuta zako, kwenye mfereji mmoja, na kuyaomba yapite kwenye tundu la bomba. Majani ya mti wa jirani yakiziba tundu lile usiku mmoja wa Januari, maji yanapanda hadi yapate njia nyingine, na njia nyingine ni kwenye dari lako la jipsamu. Mkoa wa Songwe mvua zinaanza kama Novemba hadi Aprili hivi. Ni miezi mingi ya kupanda ngazi kusafisha mfereji. Tena ule ukuta wa juu umekuondolea upenu, kwa hiyo mvua ya upepo inapiga ukuta na madirisha moja kwa moja.

Fundi wa kaka, mzee wa makamo ambaye ananiita "mwalimu" ingawa sijamaliza, alisikiliza maelezo yangu yote ya Le Corbusier kwa adabu kabisa. Kisha akasema, "Mwalimu, hili paa tunawaficha watu. Mvua yenyewe inaliona."

Kuna rafiki yangu aliyesoma rasimu ya makala hii akaniambia inamfanya aone kama nasema tubaki na tulichonacho. Hapana, na mfano mzuri wa kumjibu ni wa mtu aliyefanya ziara ya nyumba za Ulaya kabla yetu sote. Mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alikwenda Uingereza. Alipokelewa kifalme, akaonyeshwa majumba na mitambo yao. Aliporudi alijenga, na mwaka 1883 likasimama lile jumba tunaloliita Beit al-Ajaib. Ukiliangalia unaona wazi alichokibeba kutoka safarini: nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli, ukubwa wa kuringia. Na baadaye likawa la kwanza Unguja kuwa na umeme. Lakini chuma kile amekifanyia nini? Amekitumia kushikilia mabaraza mapana yanayozunguka jumba lote ghorofa kwa ghorofa, kivuli juu ya kivuli, upepo wa bahari unapita. Katikati kuna ua kama nyumba yoyote kubwa ya pwani. Milango ni ya kuchongwa, yenye maandishi ya Kurani. Nguzo za Ulaya zimepewa kazi ya kushika baraza. Inauma kwamba sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020 wakati wa ukarabati.

Barghash alikuwa na dada yake wa baba mmoja, Sayyida Salme, aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844. Huyu hakwenda Ulaya kutembea. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani kule Aden, akaenda kuishi Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Mwaka ule wa 1875 alisafiri hadi London akitaka kukutana na kaka yake, na Waingereza wakahakikisha hawakutani. Miaka kumi na moja baadaye akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na humo akawafanyia Wazungu ziara ya nyumba, kwa maneno, bila picha: jinsi kuta za vyumba vya Unguja zilivyogawanywa na vidaka virefu vyenye rafu, na kwenye rafu zimepangwa sahani za kaure, vyombo vya kioo, saa, na vioo vikubwa vya kujitazamia vilivyoagizwa Ulaya. Kwa hiyo kioo cha Ulaya kilikuwa tayari kimeingia nyumba ya Mswahili, kikapewa mahali pake.

Zidaka za Lamu ni maarufu zaidi. Nyumba za mawe za karne ya 18 kule zina ukuta mzima wa zidaka za lipu katika chumba cha ndani kabisa. Vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba, na wageni wanausifu wembamba huo kama sanaa. Chanzo chake ni boriti za mikoko: zina urefu wa kiasi fulani, chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inayobeba dari. Na sasa Wazungu wamenunua na kukarabati nyumba nyingi pale Lamu mjini na Shela, na picha za zidaka zinatoka kwenye majarida yao ya mapambo. Kuna mtu Copenhagen sasa hivi, bando lake halimwishii, anapiga picha ya skrini ya zidaka amwonyeshe fundi wake.

Hili la zidaka ndilo lililomwingia kaka kuliko yote, labda kwa sababu halina gharama. Tofali za kuchoma ukizilaza ukuta unakuwa mnene. Unaacha nusu ya unene huo kwenye sehemu uliyochagua, unaweka kilenta kidogo juu, unapiga lipu. Hakuna kabati la kununua, hakuna mchwa. Fundi aliuliza tu upana na kimo.

Mambo yalivyo kwa sasa: paa litakuwa la mgongo, lenye mapenu ya kutosha, na kaka amekubali kwa sharti kwamba bati liwe la rangi. Jiko liko nje, meko ya kiunoni. Dirisha kubwa limehamia kaskazini na limepunguzwa likaanzia kwenye goti, ila magharibi ameng'ang'ania liwepo dogo moja la kuangalia barabara, na mimi nimeacha kubishana. Zidaka zitakuwa nne sebuleni, moja chumbani kwa mama. Ya sita mama aliiomba mwenyewe, kwenye ukuta wa jikoni, kimo cha mkono wake, ya kuweka chumvi na kiberiti.